Bakuli la Mama Mkwe

Tulimwacha Kinyozi saluni kwake asubuhi ya Jumamosi, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, simu ameibana kati ya sikio na bega, macho yamemtoka pima. Kwenye kiti cha kunyolea alikaa Dereva wa teksi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa ukang'aa, upande wa pili bado msitu.

Kwenye simu alikuwa Mama Mkwe.

"Nimefungua kabati, bakuli langu silioni," alisema. "Mwenye ufunguo wa nyumba yangu ni wewe peke yako, mkwe. Unalo?"

Msomaji, hapo ndipo mtu mzima hujuta kuzaliwa na ulimi.

"Ninalo, mama," Kinyozi alijibu. "Liko salama salimini. Nilikuwa nalipangusa vumbi."

"Vizuri. Saa saba niko kwenu kwa chakula. Nikikaa mezani nataka nilione."

Simu ikakatika. Uongo ukabaki naye.

Sasa, kama gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, sogea nikudokeze. Kinyozi ana ugonjwa. Si wa mwili, ni wa vioo. Anakusanya vyombo vya kioo vya zamani, vile ambavyo mafundi wa kale walivitia urani kidogo wakati wa kuyeyusha, ili vipate rangi. Mchana chombo hicho kina rangi ya ndimu changa, na hakimshtui mtu. Kiweke gizani, kimulike kwa taa ya mwanga wa zambarau, kinawaka kijani utadhani kimeamka.

Ugonjwa ulimwanza kwa bahati tu. Saluni ana kabati dogo lenye taa ya zambarau, la kuulia vijidudu kwenye vitana na mikasi. Siku moja alitia humo bilauri ya zamani ya kusimamishia vitana, akafunga kijilango, akaona bilauri inawaka. Tangu siku hiyo hajapona. Anatembea na tochi ya zambarau mfukoni. Akialikwa nyumba ya watu, anaomba taa izimwe kabla hajasalimia vizuri.

Mkewe alipoambiwa kwamba urani ndiyo hiyo hiyo ya mabomu, alivitoa vyombo vyote nje pamoja na meza viliyokalia. Kinyozi alimweleza mpaka akakauka koo kwamba kikombe rafuni hakimdhuru mtu. Mke akasema basi kakae navyo saluni, mkafe wote.

Alhamisi Kinyozi alikwenda kumwagilia maua nyumbani kwa Mama Mkwe, ambaye alikuwa kwa dada yake. Akalitazama bakuli la matunda lililokuwa kabatini, lenye mguu mfupi na mdomo uliopinda kama ukingo wa jani. Akalichukua. Angeomba, asingepewa, ndiyo maana hakuomba. Alidhamiria kulirudisha kesho yake. Saluni akalitia kwenye kabati la vitana, likawaka kabati zima!

Ijumaa akashindwa kujizuia, akamwonyesha Daktari wa Meno, mgonjwa mwenzake wa vioo. Na Jumamosi asubuhi, katikati ya kichwa cha Dereva, akalitia tena ndani ya kabati apate kujifurahisha kidogo.

Bakuli halikuwaka.

Hapo ndipo tulipo.

"Fundi," Dereva aliita kitini. "Ni msiba?"

"Afadhali msiba, watu wangekuja kunisaidia."

"Basi pole. Lakini nimalizie kichwa, leo napigwa picha ya leseni."

Kinyozi hakumsikia. Alilipindua bakuli juu chini. Chombo cha zamani huweka umri wake chini ya mguu: kuburutwa mezani miaka nenda miaka rudi huacha mikwaruzo midogo midogo. Mguu wa bakuli hili ulikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

"Limebadilishwa!" alipiga kelele. "Hili halijawahi hata kubeba chungwa!"

"Kabadilisha nani?"

"Daktari wa Meno. Jana alilitazama mpaka povu la kunyolea likamkauka mashavuni."

"Hata mimi huwa naitazama saa yako ya ukutani," Dereva alisema, "na bado ipo."

"Teksi yako iko wapi?"

"Iko nje. Kichwa ndicho sina."

"Nipeleke kwa Daktari. Mashine naichukua, nitakumalizia huko huko."

Dereva alijitazama kwenye kioo, kulia mtu mstaarabu, kushoto mtoro. Akajifunga taulo la saluni kichwani, akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, wakatoka.

Usidhani Kinyozi aliogopa ukali wa Mama Mkwe. Ukali wake aliuzoea. Aliogopa ufunguo. Alipokwenda kuposa, miaka hiyo, mama yule alimuuliza kama ana kazi nyingine mbali na kushika vichwa vya watu. Miaka yote ya ndoa alimwita "yule". Juzijuzi tu, baada ya Kinyozi kumuuguza malaria wiki nzima kwa uji na maneno matamu, ndipo alipomwekea ufunguo wa nyumba kiganjani na kumwita mkwe. Ufunguo ule Kinyozi alitembea nao mfukoni kama mtu mwenye cheo. Na leo bakuli pekee alilolithamini mama yule, bakuli la harusi yake, lilikuwa limepotelea mikononi mwa mwenye ufunguo.

Njiani abiria mmoja alisimamisha teksi, akachungulia ndani, akaliona taulo kichwani mwa dereva na mtu mwenye koti la kinyozi anayeongea peke yake, akasema atasubiri nyingine.

Kwa Daktari wa Meno walikuta wagonjwa wawili wamekaa kwenye benchi, mama mmoja shavu limevimba na bwana mmoja aliyejifunga leso kidevuni. Kinyozi hakupanga foleni. Alishika taya, akatoa mlio, akaingia moja kwa moja.

Lazima ujue kwamba Daktari na Kinyozi ni marafiki kama walivyo wakusanyaji wote: wanapendana sana, na kila mmoja anasubiri mwenzake afe arithi kabati.

"Jino," Kinyozi alisema na kujitupa kwenye kiti.

"Lipi?"

"Hili."

"Hilo zima."

"Basi la jirani yake."

"Hilo nililiziba mwenyewe, linaweza kukuzika."

"Daktari, anayeumwa ni mimi au ni wewe?"

Daktari alimtazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa chupa ya kawaida akiambiwa ni ya urani. Aliyemuuzia alikuwa Kinyozi.

"Ni gego," Daktari alisema taratibu, na kutabasamu. "Gego la nyuma. Linang'oka leo. Panua mdomo."

Kabla Kinyozi hajapata neno, sindano ya ganzi ilikuwa imeshaingia na kutoka.

"Tulia ikolee," Daktari alisema akivua glavu. "Nina mzee wangu chumba cha ndani namrekebishia meno ya bandia. Nikirudi, nalichomoa."

Mlango ulipofungwa tu, Kinyozi aliruka kitini. Akavuta pazia la dirisha. Akatoa tochi. Pembeni ya chumba palikuwa na kabati la kioo ambalo Daktari huwaonyesha wagonjwa ili wasahau koleo. Akaimulika rafu ya kwanza.

Lo! Vikombe viliwaka. Vinara vya mishumaa viliwaka. Kifuniko cha chupa ambayo yenyewe haipo kiliwaka. Kwa muda Kinyozi alisahau kilichomleta, akawa anahesabu kwa wivu alivyozidiwa.

Kisha akamulika rafu ya chini. Bakuli. Mguu mfupi, mdomo umepinda kama ukingo wa jani. Liliwaka kijani likajaza chumba.

Alitaka kusema "mwizi", lakini midomo ilikuwa imeshakufa ganzi, zikatoka pumzi na mate.

Nakuuliza, msomaji: mtu ambaye nusu saa iliyopita alilipindua bakuli la saluni na kulisoma mguuni, kwa nini hili hakulipindua? Mimi nitakwambia. Lile lilikuwa limemnyima alichotaka, akalitafutia kosa. Hili lilimpa, akalikumbatia. Alilisukuma ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaushika mlango.

Huku kwenye benchi nako mambo yalikuwa yanakwenda. Taulo la Dereva lilikuwa limeteleza. Yule mama mwenye shavu alikuwa akimkodolea macho.

"Wewe baba," alisema, "umefanywa nini?"

"We acha tu," Dereva alijibu kwa uchungu wa kweli. "Nimekaa kitini kwa amani, jamaa kaanza vizuri, kafika katikati, kapata wazimu, kaniacha hivi hivi."

Bwana mwenye leso alikitazama kile kichwa, kisha akautazama mlango wa Daktari.

"Na wewe ulikuja na jino gani?"

"Mimi? Mimi sina hata jino bovu!"

Mama mwenye shavu alisema limepoa. Bwana mwenye leso hakusema kitu, maana alikuwa ameshafika barabarani. Hapo ndipo Kinyozi alipotokea mbio, kifua mbele, tumbo mbele zaidi, mate yanamtoka.

"Hende!" alisema.

"Wapi?"

"Hende!"

Teksi iling'oka. Nyuma yao walimsikia Daktari akiita: "Gego! Wewe! Gego!" Kisha sauti ikabadilika ikawa ya mtu aliyeona rafu tupu.

Mama Mkwe akisema saa saba, huja saa sita, ili awakute watu hawajajiandaa. Kinyozi alipofika nyumbani alimkuta ameshakaa, mkoba mapajani. Mkewe alikuwa anapanga sahani, na alikuwa anaimba. Mke akiimba huku mama yake ametulia, mume mwenye akili hurudi alikotoka. Kinyozi akaingia.

Katikati ya meza palikuwa na bakuli la kioo, limejaa machungwa na ndizi. Mguu mfupi. Mdomo umepinda kama ukingo wa jani.

Kinyozi alilitazama la mezani. Akashika lililo tumboni. Akalitazama tena la mezani.

"Karibu, mkwe," Mama Mkwe alisema. "Mbona umenenepa tangu juzi?"

"Hikahoo, haha," Kinyozi alijibu, akimaanisha shikamoo, mama.

"Mdomo una nini?" mkewe aliuliza.

"Hino."

"Jino? Asubuhi ulitafuna mfupa hapa tukadhani ni mashine."

Mama Mkwe aliinua mkono.

"Bakuli langu umelipangusa vizuri?" aliuliza.

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na uongo mmoja tangu asubuhi, na alishindwa kuutua.

"Vumbi limetoka?"

Akaitikia tena.

"Ajabu," Mama Mkwe alisema, "maana tangu jana jioni liko hapa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mke wa Kinyozi akavuta kiti akaketi kueleza. Jana jioni alipita saluni kupeleka mataulo safi. Mume alikuwa amekwenda kununua sabuni. Akalikuta bakuli la mama yake limekaa na vitana kama mfungwa. Akalichukua. Mahali pake akaweka jingine alilokimbia kulinunua soko la jirani, rangi ile ile, umbo lile lile, lisilo na bomu ndani.

"Nikasema huyu bwana anavijua vioo vyote vya dunia," alimaliza. "Tuone."

"Aliniambia jana hiyo hiyo," Mama Mkwe alisema. "Asubuhi nikakupigia ili wewe mwenyewe uniambie. Ungesema, mama, nililichukua, nimekosa, nisamehe, tungecheka, tukala. Wewe ukapangusa vumbi."

Alinyoosha kiganja juu ya meza. Hakuhitaji kusema anataka nini.

Kinyozi aliutoa ufunguo mfukoni. Msomaji, tumemcheka mtu huyu tangu mwanzo, lakini hapo sikuweza. Aliuweka kiganjani mwa mama yule kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kusema kwamba hakuuchezea, kwamba aliupenda ufunguo ule kuliko vioo vyake vyote, na mdomo ukamnyima.

"Nihamehe, haha," alisema, na machozi yakamlenga.

"Sijakusikia."

"Nihamehe."

Mama Mkwe alikuwa anafungua kinywa kujibu wakati mlango ulipogongwa kwa miguu. Aliingia Daktari wa Meno, koti jeupe limepeperuka, kioo cha kuchungulia meno bado kipajini. Nyuma yake Dereva, ameshika taulo kwa mikono miwili.

"Nimemwambia hupo," Dereva alisema. "Akasema anasikia harufu ya mate."

"Bakuli langu!" Daktari alisema, pumzi juu. "Bakuli la baba yangu! Litoe!"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Kinyozi alifungua vifungo kimoja kimoja, akalitoa, akaliweka mezani kando ya jingine. Mke akashika mdomo. Yalikuwa pacha.

"Mwizi wa meno mazima!" Daktari alifoka. "Hukulipindua? Langu limemeguka chini ya mguu, mtoto mdogo angeliona!"

"Himehaka," Kinyozi alijitetea.

"Limewaka, ndiyo, limewaka! Na sufuria la mkeo likiwaka utasema ni langu? Taa inakwambia kioo ni cha aina gani, bwana, haikwambii ni cha nani!"

Katika kelele zile hakuna aliyemtazama Mama Mkwe. Alikuwa amelivuta bakuli la Daktari mpaka mapajani. Alilipindua. Kidole gumba kikatafuta mahali palipomeguka, kikapajua, kikakaa hapo.

"Baba yako," alisema polepole, "alikuwa fundi wa saa?"

Daktari akanyamaza katikati ya tusi.

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Hapa palimeguka siku tuliyoyanunua. Lilimponyoka, akaapa ni mimi niliyemsukuma." Akatabasamu, na mwanawe, ambaye anaijua sura ya mama yake vizuri, hakuwahi kuliona tabasamu hilo. "Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Yuko kwenye gari hapo nje. Nilimtoa kliniki mbio mbio nikimfukuza huyu."

"Mama!" mke wa Kinyozi alisema. "Si ulituambia bakuli ni la harusi yako?"

"Nililinunua kwa ajili ya harusi, ndiyo. Hamkuuliza harusi ipi." Aliyaweka mabakuli yote mawili sawa, ukingo kwa ukingo. "Kabla ya marehemu baba yako kulikuwa na mtu. Tulinunua mawili, langu na lake, tuje tuyaweke kabati moja. Wazee wakaamua vingine. Kila mtu akaondoka na lake. Marehemu alikula machungwa humo maisha yake yote na hakuwahi kuuliza. Daktari, kamwite."

"Hawezi kuja, mama."

"Miguu?"

"Meno." Daktari aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Nimetoka nayo mimi."

Lakini mzee alikuwa ameshachoka kukaa garini. Alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, kola imenyooka, kiganja amekifunika mdomoni. Alimwona Mama Mkwe. Mama Mkwe alimwona. Mwanamke yule, ambaye majirani wakimsikia anakohoa huficha watoto, alipeleka mkono kwenye kilemba chake akakiweka sawa.

Mke wa Kinyozi alianza kulia bila kujua analia nini. Hata Dereva alivua taulo kwa heshima, kisha akakumbuka, akalirudisha.

Mzee akayatazama mabakuli mawili mezani. Akacheka kwa macho. Na kwa kuwa mdomo hakuweza kuufungua mbele ya mwanamke yule, aliinua mkono wa pili, akanyoosha vidole.

Vitatu.

"Anasema nini?" mke aliuliza.

"Matatu," Daktari alisema. "Baba, matatu nini? Mabakuli yalikuwa matatu?"

Mzee aliitikia kwa furaha, kama mtu anayekumbuka siku njema. Kisha akamtazama Mama Mkwe usoni, furaha ikaanza kumtoka.

"Tulinunua mawili," Mama Mkwe alisema. Sauti ya kilemba ilikuwa imekwisha, imerudi ile ya simu. "Mimi na wewe tulinunua mawili. La tatu ulimnunulia nani?"

Mzee alimpokonya mwanawe kitambaa, akageukia ukuta, akatia meno. Wote wakasubiri. Alipogeuka alikuwa na meno yote, na hakutoa hata neno moja.

Ndipo Dereva alipokohoa.

"Samahanini," alisema. "Mimi nilitaka tu kumaliziwa kichwa. Lakini bakuli kama hilo nyumbani kwetu lipo. La mama. Anawekea vitunguu."

Vichwa vyote vikageukia kile chake cha nusu. Mzee aliketi kabla hajakaribishwa.

"Mama yako," Mama Mkwe alisema, "alilipata wapi?"

"Anasema la ujanani. Ukimuuliza zaidi anakutuma dukani."

Mama Mkwe alisimama. Akabana mkoba kwapani. Ule ufunguo bado alikuwa ameushika; aliutazama, kisha akamtazama Kinyozi, ambaye tangu neno vitunguu lilipotamkwa alikuwa ameshatoa tochi mfukoni bila kujijua. Maskini, hata aibu haikumponya.

"Mkwe," alisema, "humu ndani anayejua kuvitambua vioo hivyo ni wewe na huyo Daktari, na huyo ni mwana wa mshtakiwa. Tunakwenda kwa mama yake huyu kijana, sasa hivi. Utalimulika. Kama ni mwenzake haya, utaniambia ni mwenzake. Kama siyo, utaniambia siyo. Ukinena kweli mbele yangu, hata kama ni chungu, ufunguo huu ni wako na sitauomba tena mpaka nakufa. Ukinipangusia vumbi mara ya pili, usinijue."

"Haha, nihahema keli," Kinyozi alisema, mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimaanisha kila herufi.

"Na kichwa changu?" Dereva aliuliza.

"Njiani," walisema wote.

Mama Mkwe akatangulia, mwanawe akafuata, Daktari akakumbatia bakuli lake akatoka kinyumenyume. Kinyozi alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameshavuka kizingiti mguu mmoja alipohisi koti limeshikwa kwa nyuma.

Ni mzee. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyempata mwanamke baada ya umri mzima na anakaribia kumpoteza kabla ya chakula cha mchana.

"Mwanangu," alinong'ona, meno yakigongana, "nakuomba kwa roho yangu yote. Lile la vitunguu, ukilimulika, sema haliwaki."